Huyu Siyo Mwenyewe

Jumapili moja ya masika, saa nne asubuhi, nilikuwa kiti cha mbele kwenye daladala ya Gongo la Mboto–Makumbusho, begi la gitaa la besi nimelibana kati ya magoti. Konda alishanitoza nauli ya watu wawili. Nimezoea. Gitaa hili limelipiwa nauli kuliko binamu zangu wote.

Tulikuwa kwenye foleni tunakaribia Tazara. Redio ilikuwa inapiga zilipendwa za ng'ambo, zile za Jumapili ambazo kila mtu anajua kibwagizo na hakuna anayejua beti. Kikaingia kinanda cha wimbo "Easy". Dereva, mtu wa makamo mwenye balaghashia, akaongeza sauti na kuimba naye, kwa Kiingereza cha kukisia lakini noti zote zimekaa. Ulipofika pale kabla gitaa la solo halijaingia, mwimbaji akaguna. Mguno mfupi, mzito, wa mtu anayetua gunia la mkaa.

Dereva akaigeukia redio kana kwamba imemkanyaga.

"Huyu siyo mwenyewe."

Nikamwambia kweli, siyo Lionel Richie. Hawa ni bendi ya Marekani inaitwa Faith No More, kazi yao hasa ni metali, makelele, hapa walikuwa wamepumzika tu. Hakujibu. Foleni ikasogea magari matatu, ikasimama tena.

"Siyo mwenyewe," akarudia, "lakini kaimba."

Kisha akaanza kumlaumu mwenye bodaboda aliyemkatiza, na mimi nikabaki na maneno yake. Ni wiki ya sita sasa. Nayasikia nikifunga nyaya za gitaa, nayasikia nikinawa uso. Na kuna sababu ambayo nimekuwa nikizunguka mbali nayo, ndiyo maana makala hii nayo itazunguka kidogo kabla ya kufika.

Mwenyewe wa wimbo

Kiswahili kina ujanja wake. "Mwenyewe" ni yule hasa, siyo mwingine. "Mwenyewe" pia ni mwenye mali. Dereva alimaanisha la kwanza. Mimi nilisikia la pili.

Tuanze na huo wimbo. Lionel Richie aliutunga na kuuimba akiwa na Commodores, ukatoka mwaka 1977. Mwaka 1982 akaondoka kwenda kujitegemea, na sote tunajua alikofika. Commodores hawakufunga duka. Mwaka 1985 walitoa "Nightshift", wimbo wa kuwaomboleza Marvin Gaye na Jackie Wilson waliofariki mwaka uliotangulia, wakapata nao tuzo ya Grammy, na Richie hayumo ndani. Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwa hao wapiga metali, huyo "mwenyewe" tunayemtafuta keshagawanyika. Ni Richie? Ni Commodores? Ni redio ya daladala?

Halafu mimi ni mpiga besi. Wapiga besi tuna jibu letu la kudumu kwa swali hili, na ni jibu linalotupendelea: bendi ni wale walio nyuma. Mwimbaji ni mgeni wa heshima. Apewe kiti kizuri, akiondoka akikalie mwingine.

Niliipenda Faith No More kwa sababu ilionekana kunipa haki.

Jina lenye mtu ndani yake

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, San Francisco, kulikuwa na bendi ikiitwa Faith No Man. Mwimbaji wake, Mike Morris, jina lake la utani lilikuwa "The Man". Billy Gould alikuwa kwenye besi, Mike Bordin kwenye drams, Roddy Bottum akaja kushika kinanda. Wakafika mahali hawamtaki tena Morris.

Hawakumfukuza. Waliondoka wao wote, wakamwacha peke yake, wakaanza upya bila yeye. "The Man" hayupo tena, wakasema, basi jina likawa Faith No More.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilicheka hadi nikamwonyesha mke wangu. Akili kubwa! Hakuna kikao, hakuna kelele, hakuna kumwangalia mtu usoni. Mtu anaamka asubuhi ana bendi ya mtu mmoja.

Mke wangu hakucheka. Aliniuliza: "Na yeye akafanyaje?"

Sikujua. Halikuwa limenijia akilini.

Baada ya hapo waimbaji walipita kama abiria. Courtney Love naye aliwahi kushika maiki kwa muda mfupi, kabla dunia haijamjua. Aliyekaa ni Chuck Mosley. Gould alikuwa anamfahamu tangu Los Angeles, walishapiga pamoja kwenye bendi iitwayo The Animated.

Sauti ya Mosley ningekueleza vipi? Haikuwa nzuri. Nasema hivi kwa upendo. Aliimba kama mtu anayebishana na konda juu ya chenji: nusu anaimba, nusu anafokafoka, noti anaipita kwa chini na hana haraka ya kuirudia. Lakini ndiyo sauti iliyofanya besi la Gould na ngoma nzito za Bordin zisikike kama mtaa halisi wenye watu. Mwaka 1985 wakatoa albamu ya kwanza, "We Care a Lot", na mwaka 1987 ya pili, "Introduce Yourself". Wimbo wenye jina la albamu ile ya kwanza ndio uliowafungulia mlango, na ni yeye aliyeusema kwa kejeli ile ambayo hujui kama anatania au ana hasira.

Alikuwa na matatizo. Inasimuliwa kwamba kwenye hafla ya kuizindua hiyo albamu ya pili alisinzia jukwaani. Mwaka 1988 wakamwondoa.

Kijana wa Eureka

Sehemu inayofuata ndiyo ambayo kila mtu anaisimulia, kwa hiyo nitaipita haraka.

Mike Patton alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, kutoka Eureka, mji mdogo kaskazini mwa California, mwenye bendi ya shuleni iitwayo Mr. Bungle. Alipofika, muziki wa albamu mpya ulikuwa umeshaiva. Akaandika maneno ya nyimbo zote kwa muda usiozidi wiki mbili, akaingia studio. "The Real Thing" ikatoka katikati ya mwaka 1989, ikalala. Mwaka uliofuata "Epic" ikapanda hadi namba 9 Marekani na namba 1 Australia, na ghafla wale watu wa vilabu vidogo wakawa wanatafutwa na kila mtu.

Video yake niliiona miaka mingi baadaye, kwenye intaneti kafe, kwa sababu wakati inavuma Bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni. Mwishoni samaki anatapatapa sakafuni, polepole kabisa, kinanda kikilia taratibu. Wamarekani walilalamika sana kuhusu samaki yule. Mimi nilifikiria soko la samaki la Feri saa kumi na mbili asubuhi.

Waandishi wa muziki waliwapa jina "metali mbadala", maana hawakujua wawaweke wapi: gitaa la metali, besi la fanki, mwimbaji anafokafoka kisha anaimba kama kanisani. Bendi nyingi zilizokuja nyuma yao na kuuza mamilioni zilipita njia ile ile.

Kwa mpiga besi hili ni somo tamu. Muziki ulikuwa tayari! Kijana alikuta chakula kiko mezani. Toa mwimbaji, weka mwimbaji, bendi inapaa.

Nimelisema hili jukwaani, nimelisema baa, nimelisema msibani.

Msondo na Sikinde

Wenzangu wa Dar hamna haja ya kufundishwa haya. Sisi tumelelewa na mabingwa wa kuhama bendi.

NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadilika jina, na bendi inabadilika: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mwisho ikabaki Msondo Ngoma, jina la mtindo likameza majina yote ya wenye mali. Muhiddin Maalim Gurumo aliimba NUTA. Mwaka 1978 tayari yumo miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, Sikinde yenyewe. Miaka ya themanini akapitia Safari Sound. Mwisho wa yote akarudi Msondo, na alipofariki mwaka 2014 mji mzima ulimlilia bila kuulizana alikuwa wa bendi gani. Hassan Bitchuka kahama na kurudi mara nyingi hadi wapenzi wenyewe wanabishana hesabu.

Lakini kuna tofauti ambayo sikuwa nimeitilia maanani hadi dereva yule aliponivuruga. Dar, vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Chama, shirika, bosi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, analipwa mshahara, na akihama anaacha gitaa alipolikuta na kwenda kushika lingine kwa bosi mwingine. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa mwenyewe. Mpiga besi na mwimbaji wote walikuwa wapangaji, tena wa chumba kimoja. Mtu akitoka Sikinde kwenda Msondo, kesho yake mnakutana Kariakoo mnacheka, kwa sababu hukumnyang'anya kitu ambacho na wewe hukuwa nacho.

Faith No More hawakuwa na bosi wa namna hiyo. Nyumba ilikuwa yao. Aliyetolewa alitolewa na wenzake.

Yangeyange

"Angel Dust" ya mwaka 1992 ndiyo albamu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyowagharimu. Kampuni ya rekodi ilitaka "Epic" nyingine. Wao wakaleta kitu chenye sauti za kila namna, nyimbo zinazokatika katikati, Patton sasa kakua na anaimba kwa midomo sita. Uingereza ilifika namba 2, nyumbani kwao Marekani ikafika namba 10 kisha ikauza pungufu ya "The Real Thing".

Jalada lake mbele lina ndege mweupe mzuri, wa jamii ya yangeyange. Geuza nyuma: bucha, kichwa cha ng'ombe, nyama zimening'inia kwenye ndoano. Nimesoma Wazungu wakijadili maana ya jalada hilo kurasa na kurasa. Mimi nimekulia Vingunguti, jirani na machinjio. Yangeyange kando ya ng'ombe, ng'ombe kuelekea kwenye kisu, ndege akibaki msafi. Hiyo siyo fumbo, ni Jumatatu.

"Easy" waliirekodi kipindi hicho. Inasemekana walianza kuipiga jukwaani kuwachokoza mashabiki waliokuja kutaka fujo. Utani ukawageukia: ikawa namba 1 Australia na namba 3 Uingereza, mwaka 1993. Na mwaka huo huo Jim Martin, mpiga gitaa, akatoka. Bottum amesimulia kwamba walimfukuza kwa faksi. Martin anasema aliondoka kwa hiari yake.

Kwa faksi! Hilo nalo nililicheka.

Yaliyofuata ni albamu mbili, 1995 na 1997, wapiga gitaa wakipokezana, na Bottum mara nyingi hayupo, akiwa na misiba yake. Onyesho la mwisho lilikuwa Lisbon, Aprili 1998, na mwezi huo huo Gould akatuma barua pepe kuutangazia ulimwengu kwamba basi. Miaka kumi na moja kimya. Mwaka 2009 wakarudi, wamevaa suti, wakifungua maonyesho kwa "Reunited", ule wimbo wa wapenzi waliorudiana wa Peaches & Herb. Hawa jamaa hawajawahi kukosa utani.

Sasa nifike

Mwaka 2013 tulianzisha bendi ya kupiga kopi. Mimi besi, jirani yangu kinanda, shemeji yangu drams. Mpiga solo tulikuwa tunamkodi. Kazi yetu ilikuwa, na bado ni, Jumapili mchana kwenye hoteli moja ya ufukweni. Wageni wakitaka "Malaika" unawapa "Malaika", wimbo ambao mwenyewe wake watu wanabishania mpaka leo.

Mwimbaji wetu alikuwa mtoto wa Temeke. Sauti yake ilikuwa na mchanga ndani. Alikuwa anashuka chini ya noti, anakaa huko, unadhani hatarudi, halafu anarudi. "Easy" mimi ndiye niliyempelekea, na nilimpelekea ya Faith No More, siyo ya Commodores, kwa sababu niliijua vizuri zaidi. Akaisikiliza mara moja kwenye simu yangu. Pale penye mguno akanirudishia simu, akasema: "Hapa ndipo penye wimbo."

Kila Jumapili tukifika hapo wahudumu walisimama na trei zao. Tunakata sote watatu, kimya, yeye anaguna, solo linaingia. Watoto wa Kizungu kwenye bwawa wakawa wanaguna naye.

Alikuwa anachelewa. Alikuwa anakunywa kabla ya kazi, siyo sana, lakini kila mara. Siku moja alisinzia kwenye kiti nyuma ya spika na meneja akamwona. Baada ya hapo sisi watatu tulikutana kwangu, tukanywa chai, na hakuna aliyesema neno "kufukuza". Nilitengeneza kundi jipya la WhatsApp. Nikawaweka wote isipokuwa yeye. Tukahamia huko.

Lile la zamani hatukulifunga. Lipo. Ujumbe wa mwisho ni wake, wa Alhamisi moja ya mwaka 2017: "Mazoezi saa ngapi?"

Tiki mbili za bluu. Wote tulisoma.

Kijana tuliyemchukua anatoka kwaya ya kanisa moja Tabata. Sauti safi, anafika kabla yetu, anakunywa maji. Tipu zimeongezeka. Meneja anatupenda. Kila nilipohisi kitu kinanikwaruza niliikumbuka Faith No More, nikajiambia: si unaona? Toa mwimbaji, weka mwimbaji.

Ila kijana hataki kuguna. Anasema haoni kwa nini. Kwa hiyo pale tunakata, tunahesabu nne kimya, solo linaingia. Miaka yote hii tunapiga hicho kipande kikiwa kitupu.

Agosti 2016

Dereva alipozungumza, usiku ule nilirudi kuisoma historia ya bendi hii, safari hii nikimfuata Mosley peke yake. Sijui kwa nini sikuwahi kufanya hivyo. Au najua.

Baada ya kuondolewa, aliimba na bendi ya Bad Brains kwa miaka miwili hivi. Akaanzisha bendi yake, Cement. Baadaye akaishi Cleveland, mbali na bahari, mbali na wote. Muda huo wote Patton alikuwa anauimba "We Care a Lot" kwenye viwanja vikubwa, na watu wanaitikia. Wimbo ulibaki kazini. Aliyeusema kwanza hakubaki.

Mwaka 2010, San Francisco, walimwita jukwaani mwishoni mwa onyesho, akaimba nao. Na mwaka 2016 ndipo penye jambo linalonisumbua. Gould alikuwa amezipata kanda halisi za albamu ile ya 1985 zimelala nyumbani kwake, wakaitoa upya. Kusherehekea, wakapiga maonyesho mawili mwezi Agosti, moja Los Angeles na moja San Francisco, kwenye kumbi ndogo za watu mia kadhaa. Patton hakuwepo. Mwimbaji alikuwa Mosley. Na hawakujitangaza kama Faith No More: tangazo lilisema Chuck Mosley na marafiki.

Lisome tena hilo.

Gould, Bottum, Bordin, na Jon Hudson, aliyekuja baadaye, kwenye gitaa. Bendi nzima, nyimbo za bendi, na jina la bendi limewekwa kando ili jina lake litangulie. Walioshika nyumba tangu 1983 walikubali kwa usiku mbili kuwa wageni wake. Unaweza kusema ni biashara, kwamba jina lile bila Patton lingeleta maswali. Huenda. Nimezitazama video za simu za watu, zinatetemeka, sauti mbaya. Mosley kanenepa, rasta zake zimemwangukia usoni, noti anazipita kwa chini vile vile. Gould anapiga besi huku anamwangalia. Mpiga besi humwangalia mpiga drams, hiyo ndiyo kazi. Yeye anamwangalia mwimbaji.

Novemba 9, 2017, Mosley alifariki, ana miaka 57. Familia yake ilisema ni uraibu, baada ya muda mrefu wa kuwa ameacha.

Ni mwaka ule ule wa Alhamisi yetu.

Niliizima simu. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Nikakumbuka swali lake, "Na yeye akafanyaje?", na nikagundua kwamba kwa habari ya huyu wetu nilikuwa na jibu siku zote. Ana meza ya protekta na kava za simu karibu na kituo cha Buguruni. Daladala yangu inapita pale kila Jumapili. Kila Jumapili, tukifika hapo, mimi huwa naangalia upande wa pili wa barabara.

Buguruni

Jumapili iliyopita nilishuka. Konda akaniambia nauli ya gitaa hairudishwi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli wa kampuni ya simu, ana mteja mmoja, msichana mwenye haraka. Kaongezeka mwili. Ananifahamu kwa begi kabla ya uso.

"Aisee, mzee wa besi! Umepotea."

Nikasema nipo, ni shughuli tu. Tulisema hivyo wote wawili mara mbili tatu. Aliniuliza habari za shemeji, za jirani, za meneja, mmoja mmoja, na kila jina alilitaja bila kulikaza. Mikono yake haikusimama. Alifuta kioo cha simu ya yule msichana kwa kitambaa chenye spiriti, akafuta kwa kikavu, akatumia kipande cha gundi kunyofoa chembe za vumbi moja moja. Barabara ile ina vumbi la kutosha kuzika ng'ombe. Akaishika protekta kwa kucha za pembeni, akailenga, akaishusha taratibu kuanzia juu.

"Easy mnaipiga bado?"

"Tunaipiga."

"Nani anaguna?"

"Hakuna."

Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Sasa pale mnapitaje?"

"Tunahesabu nne."

"Kimya?"

"Kimya."

Akatikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa ukuta uliopinda. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Ukonga, maneno mazuri, yenye mpangilio. Kilichotoka ni kwamba tunafanya mazoezi Alhamisi, saa nane mchana, pale pale.

"Alhamisi naenda Kariakoo kuchukua mzigo," akasema. Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa ratiba.

Chini ya kioo kulikuwa na kiputo cha hewa kimekwama karibu na kamera. Alikisukuma kwa kadi ya zamani ya benki, kikahama. Akakisukuma tena, kikarudi. Akasimama, akaweka kidole gumba juu yake, akaegemeza uzito wote, na akaguna. Ule ule. Mfupi, wa kutua gunia.

Msichana akashtuka, akacheka, kisha akaomba apunguziwe mia tano.